Chakula usichokijua: uliza kilicho ndani mbele ya kuagiza

Chukua mfano wa msafiri wa Nundu anayefika Kinshasa kwa mara ya kwanza. Asubuhi anaingia resto ndogo kando ya barabara, anaomba chai na mikate. Analetewa chai na sahani ya donge za unga wa ngano zilizokaangwa ndani ya mafuta, ndugu za mandazi. Anasema hakuomba hizo. Dada anayehudumia anashangaa: si ndiyo mikate hiyo! Wote wawili wako na haki. Kwa Kiswahili, mkate ni ule unaotoka boulangerie. Kwa Kilingala cha Kinshasa, mikate ni zile donge za kukaanga. Mkate wenyewe unaitwa lipa, na ikiwa mingi, mampa.

Kosa kama hilo linaisha kwa kicheko. Lakini saa sita, msafiri yule yule anaweza kuona watu wa meza ya pembeni wakila mboga ya majani, naye akaomba aletewe hiyo hiyo. Ni fumbwa. Kwa macho ni majani tu, lakini mara nyingi inapikwa pamoja na karanga za kusaga na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Ikiwa msafiri ni mtu ambaye mwili wake unakataa karanga, hapo hakuna tena kicheko. Anaweza kumaliza siku hospitalini, ao asiimalize.

Kwa hiyo kujua jina la chakula hakutoshi. Kinachomlinda mtu ni kujua kilicho ndani ya chungu, na kukijua mbele sahani haijafika mezani.

Watu wa Nundu wanakula mbali na nyumbani

Nundu iko kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya kati ya Uvira na Baraka. Watu hapa hawakai pahali pamoja. Wafanyabiashara wanapanda Uvira, Bukavu ao Bujumbura. Wengine wanashuka Kalemie, ao wanavuka maji kwenda Kigoma. Vijana wanaenda kusoma miji ya mbali. Wagonjwa wanatoka vijiji mbalimbali kuja Hospitali Kuu ya Nundu, na wale wanaowalinda wanatafuta chakula nje ya hospitali.

Vita pia vimewatembeza watu. Mwaka 1996 wakaaji wengi wa Kivu ya Kusini walivuka ziwa, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, upande wa Tanzania. Kati yao kuna familia ambazo leo ziko Marekani, Kanada ao Ulaya. Tena, mwaka 2015, wakimbizi waliotoka Burundi walianza kupokelewa katika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi.

Hivyo jambo hili ni la pande mbili. Mtu wa Nundu anaketi mbele ya sahani asiyoijua huko alikokwenda, na mgeni anaketi Nundu mbele ya sahani ya Nundu. Wote wawili wanahitaji maswali yale yale.

Chakula kimoja, majina mengi

Vyakula vingi vinavyoonekana vigeni ni vya nyumbani, vimebadilisha jina tu. Sombe inaitwa pondu ao saka-saka Kinshasa, na kisamvu Tanzania. Lengalenga ni mchicha kwa Watanzania, na bitekuteku kwa watu wa Kinshasa. Ndakala ni dagaa ng'ambo ya ziwa. Mikeke ambayo inavuliwa hapa inaitwa migebuka pale Kigoma, ingawa ni samaki yule yule wa ziwa lile lile. Brochette ni mishikaki. Mbuzi wa kuchoma, Kinshasa, ni ntaba.

Kujua majina hayo kunapunguza woga. Lakini kuna mtego: jina linaweza kuwa la kawaida na chungu kisiwe cha kawaida. Mtu aliyezoea sombe ya mawese anafika Tanzania, anaambiwa kisamvu ni ile ile sombe, anaagiza bila wasiwasi. Kumbe huko wapishi wengi wanaiunga kwa nazi ao kwa karanga. Amekula sombe tangu utoto wake na haikumfanya kitu. Siyo sombe itakayomdhuru, ni kile kilichoongezwa.

Bugali nao ni hivyo. Nundu watu wengi wanasonga unga wa muhogo. Tanzania, ugali wa resto mara nyingi ni wa mahindi. Kinshasa, fufu inaweza kuwa muhogo uliochanganywa na mahindi. Kwa tumbo lisilozoea, badiliko hilo tu linaweza kusumbua siku mbili, tatu, hata kama chakula ni safi.

Kuna pia majina yanayoficha. Tanzania, kitimoto ni nyama ya nguruwe. Mtu asiyejua atafikiri ni aina ya mchuzi ao ni jina la resto. Rwanda, nguruwe wa kuchoma anaitwa akabenzi. Mwislamu wa Baraka, ao Muadventista wa Nundu, anaweza kutafuta neno "nguruwe" kwenye kadi ya vyakula asilione popote, na nguruwe yuko.

Vitu vinavyojificha ndani ya chungu

Wapishi hawafichi kwa ubaya. Kwao kitu hicho ni cha kawaida mno hata hakisemwi, sawa vile hapa hakuna anayetangaza kwamba maharagi yako na mawese. Vitu vya kuulizia ni hivi:

- Karanga. Zinaingia ndani ya mboga za majani na michuzi mizito. Zikisagwa, hazionekani tena.
- Samaki na ndakala. Unga wa ndakala ao kipande cha samaki mkavu kinatiwa ndani ya mboga ili kuipa ladha. Hata chakula kinachoitwa "mboga tu" kinaweza kuwa nacho.
- Mafuta. Uliza kama ni mawese, mafuta ya chupa ao mafuta ya mnyama. Uliza pia kama mafuta ya kukaangia ndizi ni yale yale yaliyokaanga samaki ao nguruwe.
- Ngano, maziwa na mayai. Viko ndani ya chapati, maandazi, keki, na michuzi myeupe ya resto za mijini.
- Pombe. Baadhi ya resto za miji mikubwa na za Ulaya zinapikia divai ndani ya mchuzi wa nyama.
- Chumvi. Makayabo ni samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi. Asipolowekwa vizuri na maji kubadilishwa, anabaki na chumvi nyingi. Vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Mgonjwa wa tension asidanganyike kwa kuwa hakujiongezea chumvi mezani.

Mtu anayedhurika na kamba, wale crevettes wa baharini, ajihadhari pia na viwavi vinavyoliwa, ambavyo Kinshasa vinaitwa mbinzo. Mwili unaweza kuvikataa kwa sababu ile ile, kwani vyote viwili viko na protini zinazofanana.

Alerji siyo madeko

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kutopenda chakula ni jambo la ulimi. Alerji, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaiita mzio, ni jambo la mwili: unakiona chakula kuwa adui na unapigana nacho. Kiasi kidogo sana kinaweza kutosha. Moto hauondoi hatari ya karanga. Za kuchemshwa, za kukaangwa na za kusagwa zote zinaweza kudhuru. Mwiko mmoja uliotoka chungu cha karanga ukaingia chungu cha maharagi unaweza kuleta shida.

Dalili zinaweza kuanza baada ya dakika chache: ngozi kuwasha na kuvimba, midomo ao macho kuvimba, tumbo kukata, kutapika. Ikiwa koo linabana, sauti inabadilika, pumzi inakuwa ngumu ao mtu anaona kizunguzungu na kuanguka, hiyo ni hatari ya kifo. Apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kungoja kuona kama itapita. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini, na inatolewa haraka. Kumnywesha maziwa ao mawese hakuondoi alerji, na mtu ambaye pumzi inamshinda anaweza kukabwa.

Kwa familia zilizo Ulaya, sheria inasaidia. Tangu Desemba 2014, resto katika nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimika kumjulisha mteja kama chakula kiko na kimoja kati ya vitu 14 vinavyoleta alerji zaidi, karanga, samaki, mayai, maziwa na ngano vikiwa ndani yake. Kwenye resto nyingi za kandokando ya ziwa, karatasi ya namna hiyo haiko. Kinachobaki ni kinywa cha mteja na ukweli wa mpishi.

Aibu ya kuuliza

Hapa ndipo penye ugumu. Kivu ya Kusini, kuuliza "mumetia nini humu?" siyo swali jepesi. Watu wanaogopa sumu. Bukavu wanaongea juu ya karuho, na katika baa nyingi chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mwenye kuinywa, ili asiwe na shaka. Kwa hiyo mgeni anayechungulia ndani ya chungu na kuuliza anaweza kueleweka vibaya. Mama wa resto atasikia: "Huyu ananishitaki." Mgeni, kwa kuogopa kumkosea mama, ananyamaza na kula.

Dawa ya aibu hiyo ni kuanza na mwili wako, siyo na mkono wa mpishi. Usiseme "mumetia nini?" Sema kwanza shida yako, kisha omba msaada:

"Mama, mwili wangu unakataa karanga, hata kidogo inaniletea magonjwa. Unisaidie, hapa nakula nini?"

Swali limegeuka. Mama si mshitakiwa tena, ni yeye mwenye kumlinda mgeni. Wapishi wengi wakisikia hivyo wanajibu kwa moyo: "Sombe ya leo iko na karanga, uache. Kamata maharagi na mikeke." Na ikiwa dada anayehudumia anajibu haraka haraka "haina, haina" bila kwenda kuuliza jikoni, omba kwa upole: "Yaya, uniulizie yule aliyepika." Anayepika ndiye anajua.

Miko ya dini na ya ukoo nayo inasemwa hivyo hivyo, bila kudharau chakula cha wengine. "Sikulaka nguruwe" inatosha. Haina haja ya kuongeza kwamba nguruwe ni mchafu, wakati watu wa meza ya pembeni wanamla. Anayekula halali tu aulize pia nani alichinja na kama nyama zinachomwa kwenye wavu mmoja. Aliyeachiwa na wazee mwiko wa mnyama fulani ao samaki fulani anaweza kusema "kwetu ile hatukulaka", na kila mtu wa huku ataelewa.

Kilichotoka motoni

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na ugeni wa chakula bali na maji. Kandokando ya Tanganyika, katika maeneo ya afya ya Nundu, Fizi na Uvira, kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara. Mtu akiwa mgeni pahali, hajui maji ya resto yanatoka wapi: ziwani, mtoni ao kwenye bomba.

Kwa hiyo chakula kigeni cha kwanza kiwe kile kinachotoka motoni na moshi bado unapanda. Wali uliopikwa jana na kuachwa nje usiku unaweza kuharibu tumbo hata ukipashwa moto tena. Kachumbari, juisi ya matunda na barafu vinategemea maji yaliyoviosha ao kuvitengeneza. Kama hujui maji hayo, viache siku ya kwanza. Ndizi na embe unazomenya wewe mwenyewe kwa mikono iliyonawa na sabuni ni salama zaidi kuliko zile zilizokatwa zamani. Mtu akianza kuharisha maji maji, anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (SRO) huku akipelekwa kituo cha afya.

Kujitayarisha mbele ya safari

Maandalizi hayaombi feza nyingi. Yanaomba mazungumzo kidogo nyumbani.

1. Tafuta mtu aliyekwisha kufika. Muulize watu wa kule wanakula nini asubuhi, saa sita na jioni, kila chakula kinaitwaje, na kinapikwa na nini. Kama ana picha ya kadi ya vyakula kwenye simu, akutumie.

2. Jifunze majina mawili tu kwa lugha ya kule: la chakula unachokipenda, na la kile kinachokudhuru. Karanga ni arachide kwa Kifaransa, nguba kwa Kilingala, ubuyoba kwa Kirundi. "Naliaka nguba te" ni Kilingala cha kusema "sikulaka karanga". Kirundi ni "Sindya ubuyoba". Mwenye alerji aandike maneno hayo kwenye karatasi, aitie mfukoni. Kelele za resto zikiwa nyingi, karatasi inaonyeshwa.

3. Usiende na njaa kali. Anayetetemeka kwa njaa haulizi, anakula. Kipande cha muhogo ao ndizi mbele ya kutoka kinampa mtu subira ya kuuliza.

4. Fika mbele ya saa sita kamili. Resto ikijaa, mpishi hana nafasi ya kujibu. Mapema, vyungu bado viko motoni na anaweza hata kukupikia pembeni.

5. Uliza bei mbele, na uulize bei hiyo inalipa nini. Pengine mchuzi na bugali ni bei moja, lakini kipande cha samaki kinahesabiwa pekee. Kwa walio Marekani, bei iliyoandikwa mara nyingi haina kodi ndani yake, na desturi ni kumwachia mhudumu karibu asilimia 15 mpaka 20 juu yake. Asiyejua anaweza kuaibika wakati wa kulipa. Huko pia kuomba kifurushi cha kubebea chakula kilichobaki siyo aibu.

6. Agiza sahani moja ya kigeni kwa watu wawili ao watatu, na nyingine ya kile mnachokijua. Mkipenda, mtaongeza. Msipopenda, hakuna atakayelala njaa. Asiyejua kama kitu kinamdhuru aonje kidogo, angoje. Anayejua kwamba kinamdhuru asionje hata kidogo.

7. Mtoto asilazimishwe. Watoto wengi wanahitaji kukutana na chakula kipya mara kumi ao zaidi mbele ya kukikubali. Awekewe kidogo pembeni ya bugali aliouzoea, aone wakubwa wakila. Kumpiga mbele ya watu kwa sababu ya sombe ya nazi kunamfanya aichukie kabisa.

Na mama wa resto pale Nundu?

Maswali haya yanakuja pia kwa wapishi wa Nundu. Anayelinda mgonjwa, ametoka milimani, hajazoea samaki. Mwenye sukari anauliza kama chai imekwisha kutiwa sukari. Mgeni kutoka Burundi anatafuta maharagi bila kujua atapewa na mafuta gani. Mfanyakazi kutoka Kinshasa anaomba mikate na anangoja donge za kukaanga.

Mama wa resto hahitaji kadi iliyochapwa. Kibao na chaki vinatosha: "Leo sombe iko na karanga. Maharagi na mawese. Mikeke ya kukaanga." Mwiko mmoja kwa kila chungu hauombi feza nyingi, na unamlinda mteja asiyeweza kula karanga. Chakula cha jana kisemwe ni cha jana, na bei ishuke. Na kama hajui kilichomo, kwa sababu ndugu yake ndiye aliyepika asubuhi, jibu salama ni moja: "Sijui, ngoja nikuulizie."

Anayesikia jibu hilo asikasirike. Angojee dakika mbili, mama aende jikoni, arudi na jibu la kweli. Hapo ndipo aagize.